Jicho na Radi

Foleni ya ukaguzi pale stesheni ya treni ilikuwa imekwama, na aliyeikwamisha ni mwanamke mmoja mwembamba, gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na mikononi boksi la chuma alilolikumbatia kana kwamba ndani mna mtoto aliyelala. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Treni ya saa mbili na nusu ilikuwa imeshafungua milango. Nyuma yake walisimama watu wapatao arobaini, kila mmoja na sanduku lake na hasira zake.

Boksi lilikuwa limepitishwa mara mbili kwenye mashine ya kukagulia mizigo, na mara zote mbili skrini ilionyesha weusi mtupu.

"Mama, mbona ndani ya boksi lako hapaonekani kitu?" askari akauliza.

"Eksirei yenu haiwezi kupenya," akajibu kwa haraka, kama mtu aliyechoka kueleza jambo hilohilo kila safari. "Ndani kuna risasi."

Neno lile lilitua kwenye foleni kama sufuria iliyoanguka sakafuni. Mama mmoja alipiga yowe akalala kifudifudi na kikapu chake. Baba aliyekuwa akilalamika kuliko wote alijikuta yuko nyuma ya nguzo, wala hakukumbuka amefikaje. Askari alirudi hatua mbili, mkono kiunoni.

"Jamani, risasi ya madini!" sauti ya mwanamume ikapaa kutoka katikati ya foleni. "Ile nzito, laini, inayowekwa kwenye betri za gari! Si ya bunduki!"

Akajipenyeza mpaka mbele: mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, mfukoni alama ya kuungua yenye ukubwa wa sarafu.

"Wewe unamjua huyu?" askari akamuuliza.

"Simjui. Naijua risasi."

"Ipi?"

"Ya betri, afande! Tutaelewana lini?"

Boksi likafunguliwa. Ndani, katikati ya kuta za risasi nene kama kidole, kulikuwa na kamera ndogo na kipande cha kioo cha manjano kilicholazwa juu ya sponji. Askari alikitazama, akamtazama mwenyewe, akamtazama yule mama aliyekuwa angali kifudifudi, kisha akapungia mkono watu wapite. Wawili wale wakakimbia na boksi, kila mmoja ameshika mpini wake, wakaingia kwenye behewa la mwisho milango ikijifunga.

"Kile kioo ndicho kinachogeuza eksirei kuwa mwanga wa kawaida, sivyo?" mwanamume aliuliza walipopata viti, akihema.

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ni mhandisi wa umeme. Jumatatu naanza kazi kwenye maabara ya mishtuko. Wana mashine ambayo inajikusanyia umeme kwa dakika nzima na nusu, halafu inautapika wote kwa muda usiofika sehemu ya milioni ya sekunde. Nitakuwa msimamizi wake."

Mwanamke akageukia dirisha ili asionekane akitabasamu. Ile ndiyo maabara yake. Alikuwa amefanya kazi pale miaka minne, lakini hakumwambia.

"Hongera," akasema. "Na wenzako watakuwa wazuri?"

"Nasikia wote wazuri, isipokuwa mmoja. Mtu wa kamera. Wanamwita Jicho. Nimeambiwa ukichelewesha jambo lake hata kidogo, anakutazama tu, na unasahau jina la mama yako."

"Pole sana," mwanamke akamwambia, akamkazia macho.

Jumatatu asubuhi, mkuu wa maabara, mama wa miaka hamsini na kitu aliyevaa suti ya kijivu na raba za kukimbilia, ambaye watu wote walimwita Profesa tu, alimzungusha mhandisi mpya chumba kwa chumba. Walipofika ghorofa ya pili, mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye miwani ya kamba.

"Huyu ndiye Jicho wetu," Profesa akasema.

Mhandisi akaliona boksi la chuma mezani nyuma yake.

"Mama yako anaitwa nani?" Jicho akamuuliza.

"Nimesahau," akasema, na Profesa hakuelewa kwa nini wale wawili walicheka mpaka wakashika ukuta.

Karakana ya chini ilikuwa ya fundi mkongwe aliyeitwa Mzee Koleo, kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila koleo mkononi. Yeye ndiye aliyempa mhandisi jina. Siku ya tatu, mashine ilipopiga ngurumo na vioo vyote vya jengo vikatikisika, Mzee Koleo alisema, "Basi huyu ni Radi," na ikawa hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Umeme wa mashine ya Radi ulimiminwa kwenye waya mwembamba ndani ya maji. Waya ulilipuka, na mlipuko ukasukuma wimbi la mshtuko likapita ndani ya sampuli, kipande kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Wimbi lilivuka upande hadi upande kabla jicho la binadamu halijaanza hata kupepesa. Kazi ya Jicho ilikuwa kupiga picha za ndani ya kile kipande wakati huohuo, kwa eksirei, picha milioni moja kwa sekunde. Ukiwahi kidogo, unaona kipande kizima kimetulia. Ukichelewa kidogo, unaona vumbi.

Na kile kipande hakikuwa kipande tu. Kaka mkubwa wa Jicho alikuwa mtegua mabomu ya ardhini. Kila siku ya kazi alipiga magoti kwenye mashamba ya watu, kifuani amevaa fulana ya kinga nzito kiasi kwamba ifikapo saa sita mchana mikono ilianza kumtetemeka, na mkono unaotetemeka si wa kugusa bomu. Maabara ilikuwa imetengeneza kitu chepesi chenye matundu madogo kama ya sponji, cha kuchukua nafasi ya zile sahani nzito. Katika majaribio kilizuia mshtuko mara moja, mara nyingine kikauachia upite, na hakuna aliyejua kwa nini. Hakuna aliyewahi kuona kinachotokea ndani.

"Ukiniletea wimbi kwa wakati," Jicho alimwambia Radi wiki ile ya kwanza, "mimi nitalipiga picha."

"Nitakuletea kwa wakati. Nikuletee na chai?"

"Chai kwanza. Tuone kama unajua wakati."

Chai ilikuja saa nne kamili, na kesho yake saa nne kamili, na mwezi ulipokwisha watu wa maabara walikuwa wakirekebisha saa zao kwa hatua za Radi kwenye ngazi. Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma, penye upepo. Jioni, akishafika kwake, simu ya Jicho haikukaa kimya.

"Umefika nyumbani, kipenzi?"

"Nimefika. Nimevua viatu, nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye kiti, Radi. Watu hukaa kwenye viti."

"Nilitaka tu nipate picha."

"Picha ni kazi yangu. Wewe piga kelele."

"Basi nipige? Nakupenda! Umesikia, au niiwashe mashine?"

Jicho akacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha, sauti imeshuka, akasema, "Nimesikia. Na mimi pia." Akakata simu haraka kama aliyeiba kitu, akabaki ameishika kifuani.

Habari njema ikaja mwezi wa tatu. Palikuwa na mtambo mmoja mkubwa, safari ya siku nzima kwa treni, wa mviringo mpana kuliko uwanja wa mpira. Ndani yake chembe za umeme zilizungushwa kwa kasi ya kutisha mpaka zikatoa eksirei kali maelfu ya mara kuliko za hospitali. Wataalamu waliuita Duara. Watu walisubiri miaka kupata nafasi, na maabara yao ilipewa siku sita. Kama siku hizo zingepita bila picha, mradi ungefungwa. Barua ilisema hivyo wazi.

Lakini majaribio ya nyumbani yalikuwa yakienda ovyo. Mara nne mfululizo picha zilitoka tupu: vumbi tu, wimbi lilikuwa limeshapita. Kila mara Jicho alirudi kwenye hesabu zake akitafuta kosa lake, na kila mara hakuliona, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni baya kuliko kuliona. Alianza kujishuku kimyakimya.

Ndipo siku moja mchana, amevaa blauzi ya njano aliyoinunua kwa sababu Radi aliwahi kusema njano inampendeza, akashuka karakana na vyombo viwili vya chakula. Dirisha lilikuwa wazi. Radi alikuwa amempa mgongo, anaongea na simu.

"Hapana, Profesa, nimemvumilia miezi mitatu. Anawahi. Kila mara anawahi, na akishawahi yeye, kila kitu kinaharibika... Najua. Hata mimi nampenda, nimemzoea. Lakini mapenzi hayataleta picha. Tukienda naye kule tutaaibika mbele ya watu. Aondolewe tu. Mwingine yupo."

Vyombo vya chakula vikapata uzito mikononi mwa Jicho. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha akageuka na kupanda ngazi bila kusikia miguu yake.

Ukweli ni kwamba Radi alikuwa akizungumzia swichi. Mashine ilikuwa na swichi nne kubwa za cheche, ambazo zilipaswa kufyatuka pamoja kama kitu kimoja, na Mzee Koleo zamani alikuwa amezipa majina ya shangazi zake wanne. Karakana nzima ilizungumza juu yao kama watu: Shangazi Mkubwa leo kaamka vizuri, Shangazi wa Tatu ana maneno. Shangazi wa Tatu ndiye aliyekuwa akifyatuka kabla ya wenzake. Profesa aliyajua majina hayo. Jicho hakuyajua, kwa kuwa kanuni za usalama zilimweka ghorofani wakati wote mashine inapofanya kazi, na Radi aliona haya kumwambia mpenzi wake kwamba kutwa nzima anaongea na mashangazi wa chuma.

Mchana uleule Profesa alipokea ujumbe wa Jicho: *Sitasafiri kwenda Duara. Msaidizi wangu ataniwakilisha.* Profesa alipiga simu mara tatu. Haikupokelewa.

Radi naye alipiga.

"Jicho langu, leo hukula?"

"Niko kazini."

"Nasikia husafiri. Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa ni nini, roho yangu?"

"Jiulize mwenyewe."

Simu ikakatika. Saa nne kesho yake alipanda na chai, akakuta mlango umefungwa. Akaiweka chini pale mlangoni. Saa nane ilikuwa palepale, imepoa, ina utando juu. Siku ya tatu alikutana naye kwenye ukumbi, Jicho amevaa koti jeupe lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Nimekukosea nini? Niambie hata kwa kunitukana."

"Hujakosea. Umesema unavyoona." Akapita.

Radi alisimama pale na bisibisi mkononi. Akapiga hesabu za kila neno alilomwambia tangu stesheni, asipate jibu, na taratibu akaanza kuamini kwamba mwanamke yule alikuwa amemchoka tu na hakujua namna ya kusema.

Jumamosi Jicho alikwenda kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani. Sebule yake haikuwahi kukosa sauti ya mashine wala vipande vya nguo sakafuni. Siku hiyo alikuwa akishona upya mikanda ya mabega ya fulana ya kinga ya mwanawe, iliyochanika.

"Nisaidie kuigeuza hii," mama akasema.

Waliishika wawili, na bado ilishuka mezani kwa kishindo. Mama akakaa, akajishika kiuno.

"Na mwanangu anaivaa hii kutwa, juani. Eti hiyo safari ya kwenda kupiga picha ni lini? Kaka yako kila akipiga simu anauliza."

"Mimi siendi, mama."

Cherehani ikanyamaza. Jicho akaeleza yote, blauzi ya njano, dirisha, simu, machozi yakimtoka mwishoni ingawa alikuwa ameapa hayatatoka. Mama akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Alikutaja jina?"

"Hapana, lakini..."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini tena, mama, na nimesikia kwa masikio yangu?"

"Kwa hiyo umezira kwa maneno ya dirishani." Mama akaokota sindano. "Sawa. Tuseme ni kweli kakusema. Kifua cha kaka yako kinahusika vipi na ugomvi wenu?"

Jicho aliitazama ile fulana mezani. Pale kifuani palikuwa na mkwaruzo mrefu wa kipande cha chuma, ambao kaka hakuwahi kumweleza mtu yeyote ulivyopatikana.

Jumatatu saa mbili asubuhi alisukuma mlango wa karakana kwa bega. Radi alikuwa amechuchumaa kando ya mashine. Mzee Koleo alikuwa mezani.

"Nimekuja kukwambia," Jicho akasema, amesimama wima kabisa. "Mimi nakwenda Duara. Utake usitake."

Radi akainuka taratibu. "Nani alisema sitaki?"

"Wewe. Jumatano. 'Nimemvumilia miezi mitatu. Anawahi, na akishawahi yeye, kila kitu kinaharibika. Hata mimi nampenda, lakini mapenzi hayataleta picha. Aondolewe tu.'" Alilirudia kila neno. "Ningependa uniambie machoni, si kwenye simu ya Profesa."

Mzee Koleo akaanza kukohoa, na kikohozi kikageuka kicheko. Akainua kutoka chini ya meza pipa la shaba, kubwa kama ndoo, lililoungua upande mmoja.

"Mwanangu," akasema akifuta macho, "aliyeondolewa ni huyu hapa. Shangazi wa Tatu. Swichi! Anafyatuka kabla ya wenzake! Ndiye aliyekuwa akikuharibia picha muda wote!"

Jicho aliitazama swichi. Akamtazama Radi, akitarajia kumwona akicheka. Hakuwa akicheka.

"Siku tano," Radi akasema kwa sauti ya chini. "Siku tano uliamini kwamba mimi naweza kusema hivyo kukuhusu wewe."

Mzee Koleo akaona afadhali akatafute misumari nje.

"Nilikuwa nimeshajisema mwenyewe," Jicho akajibu. "Picha nne tupu. Nilidhani kosa ni langu, na niliposikia, nikaona tu kwamba na wewe umegundua."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza. Niliogopa ungesema ndiyo."

Radi akaegemea mashine. "Kununa kwako ningekuvumilia mwezi mzima. Kilichoniuma ni ule mlango. Nimegonga kama mtu anayedai haki yake, na sijui hata kesi ni ipi."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu ulipoingia na hilo bega. Lakini siku nyingine ukisikia neno, nipigie. Nikaripie. Nitukane mbele ya watu. Usinifungie mlango."

"Nitakutukana mbele ya watu."

"Ahadi?"

"Ahadi," akasema, na hapo ndipo alipolia vizuri, kichwa kwenye lile shati lenye alama ya kuungua.

Walisafiri wiki iliyofuata wakiwa wanne: Profesa na raba zake, Mzee Koleo na koleo lake, Radi na mashine iliyofungwa kwenye makasha tisa, Jicho na boksi lake. Duara lilikuwa jengo refu lililojipinda, sakafu inang'aa, watu wanapita kwa baiskeli kutoka chumba hadi chumba. Chumba cha mwale wa eksirei kilikuwa na kuta za risasi na mlango mzito uliofungwa kabla ya kila jaribio. Wao walikaa nje, chumba cha skrini.

Siku mbili za kwanza zilikwisha kwa kufunga mitambo. Siku ya tatu wakapiga mara ya kwanza, picha tupu: kipande kimetulia, wimbi halijafika. Wakapiga tena, tupu. Siku ya nne, tupu. Shangazi mpya alifanya kazi yake barabara. Wote wanne walifyatuka pamoja. Kamera ndiyo iliyokuwa ikifunguka kabla ya wakati. Wenyeji wa Duara walianza kuwatazama kwa huruma, na Profesa alianza kunywa maji kwa glasi ndogondogo.

Jicho alikaa na karatasi za vipimo mpaka mchana. Kisha akasimama katikati ya chumba, mbele ya wote.

"Radi, mashine yako inavuja."

"Haivuji."

"Inavuja, mpenzi. Inapoanza kufyatuka inarusha kelele za umeme, zinapanda kwenye waya wangu wa shaba, zinafika kwenye kamera kabla ya ishara yenyewe. Kamera inadanganywa. Tazama hapa."

Masikio ya Radi yalimwaka. Alikuwa amejenga kinga za mashine ile kwa mikono yake. Wenyeji wawili wakajifanya wanasoma kitu ukutani. Akavuta karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, kidole kikifuata mstari mpaka mwisho.

"Inavuja," akasema. "Tena vibaya sana. Kwa nini hukuniambia jana?"

"Jana sikuwa na uhakika. Leo nimekutukana mbele ya watu kama ulivyoomba."

Hata Profesa alicheka, mara ya kwanza tangu wafike.

"Tukizuia kelele kwenye mashine ni kazi ya mwezi," Radi akasema, akianza tayari kukuna kichwa. "Hatuna mwezi."

"Basi tuache waya wa shaba. Ishara ipite kwa faiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga. Mwanga haujui kelele za umeme."

"Faiba! Nitakujengea kigeuzi cha umeme kuwa mwanga upande wangu, wewe ujenge cha kuurudisha upande wako."

Siku ya tano nzima iliishia hapo. Hawakupiga hata mara moja, na lilikuwa jambo gumu kuona saa zikienda bure. Radi alichomelea, Jicho alipima, Mzee Koleo alikwenda kantini akarudi na karatasi ya aluminiamu ya kufungia vyakula, akafunika vile vigeuzi kama anafunga zawadi. "Msicheke," akasema. "Kelele haziingii humu."

Siku ya sita, siku ya mwisho, walibaki na sampuli tatu. Moja ilikuwa ya mtindo wa zamani, matundu yamepangwa mistari iliyonyooka. Mbili Jicho mwenyewe alikuwa amependekeza zitengenezwe, matundu yakipishana kama matofali ukutani. Alikuwa amevaa tena ile blauzi ya njano.

Mlango wa risasi ukafungwa. Taa nyekundu ikawaka.

"Najaza," Radi akasema. Sindano ya kipimo ikapanda taratibu, dakika nzima na nusu, na hakuna aliyepumua sawasawa. "Tano. Nne. Tatu. Mbili. Moja."

Ngurumo. Sakafu ikatikisika kidogo tu, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Jicho akabonyeza, na skrini ikajaa.

Kulikuwa na picha.

Ya kwanza, matundu yote mviringo. Ya tano, mstari mweusi umeingia kutoka kushoto: wimbi. Ya tisa, tundu la kwanza limejikunja, na kutoka ndani yake umechomoza mchirizi mwembamba kama sindano, ukarukia tundu la pili. La pili likarusha kwa la tatu. Tundu kwa tundu mshtuko ulipokezanwa kwenye mstari ulionyooka mpaka ukatokea upande wa pili, wenye nguvu kuliko ulivyoingia.

Chumba kililipuka kwa makofi. Wenyeji wakakumbatiana na Mzee Koleo, koleo na yote. Jicho peke yake alibaki ameketi.

"Ndiyo maana," akanong'ona. "Ukiangukia mstari, unapita. Tulikuwa tunaujengea barabara." Akageuka. "Radi, weka ya pili. Haraka."

Ya pili ikawekwa. Mlango, taa, dakika na nusu. "Mbili. Moja."

Safari hii mstari mweusi uliingia uleule, ukakunja tundu la kwanza, sindano ikachomoza, na ikagonga ukuta. Hapakuwa na tundu mbele yake. Wimbi likagawanyika kushoto na kulia, likakutana na matundu mengine, likagawanyika tena, likachanika, likafifia. Katika picha ya ishirini na sita lilikuwa ukungu. Safu tatu za mwisho, zile ambazo siku moja zingelala juu ya kifua cha mtu, zilikuwa nzima, mviringo, hazikuguswa.

Hakuna aliyepiga makofi mwanzoni. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Mradi haufungwi," akasema. "Naomba mtu aniletee huyo aliyeandika ile barua."

Ndipo zikaja kelele. Radi alimnyanyua Jicho juu na kiti chake, akamzungusha, na Jicho akawa anapiga kelele ateremshwe huku akipapasa mfuko kutafuta simu. Akampigia kaka yake.

"Kaka! Kaka, wimbi limezimika! Limefika katikati likafa! Nyuma hapakutikisika kitu!"

Upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. Kaka alikuwa mapumzikoni, kando ya shamba.

"Na ni chepesi?" akauliza.

"Ni chepesi, kaka. Utakivaa na kusahau."

"Mungu akubariki, mdogo wangu. Sasa huyo anayepiga kelele nyuma yako kama mwendawazimu ni nani?"

Jicho akamtazama Radi, nywele zimemsimama, shati limetoka nje ya suruali. "Ni... ni mwenzangu wa..."

"Sema mchumba," Radi akamwambia.

"Hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa hivi." Kicheko kikamwisha usoni. Akapiga hatua, akasimama mbele yake, mikono yenye masizi imening'inia. "Nataka kukuoa. Nimetaka tangu mwezi wa kwanza, nikawa nasubiri siku ambayo tumeshinda, ili usiseme nimekuomba kwa huzuni. Leo tumeshinda. Unakubali?"

Chumba kizima kilinyamaza. Simu haikunyamaza.

"Mjibu basi!" kaka akafoka. "Mapumziko yangu ni dakika kumi!"

"Nakubali," Jicho akasema. Kisha, kwa kuwa ilitoka kama mnong'ono, akairudia kwa sauti iliyofika mpaka kwa waendesha baiskeli kule ukumbini. "Nakubali, Radi!"

Haikupita muda mama akapiga. Kaka alikuwa ameshamwambia. Alizungumza na Radi kwanza, akamuuliza kama anakula vizuri na kama ana hasira za haraka, na Radi akajibu yote mawili kwa heshima, amesimama wima kama yuko mahakamani. Mzee Koleo alitangaza kwamba yeye ndiye atakayesimama kwa niaba ya ukoo wa bwana harusi, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Profesa akatazama saa ya ukutani. Mwale ungezimwa saa kumi na moja, na ilikuwa saa tisa na nusu. Sampuli moja ilikuwa ingali kwenye kiboksi chake.

"Wachumba," akasema, "mnapumzika au tunapiga?"

"Tunapiga," wakasema wote wawili, na Radi akakimbia kufunga mlango.